Lori la zamani haliwaki: namna ya kujua kama kosa ni la swichi ya ufunguo

Swichi ya ufunguo katika lori la zamani husingiziwa makosa mengi yasiyo yake, na wakati huohuo husamehewa makosa ambayo ni yake kabisa. Dereva akizungusha ufunguo na stata ikanyamaza, swichi mpya hununuliwa kabla ya chochote kupimwa. Injini ikizima yenyewe kwenye barabara ya changarawe, hufunguliwa chujio la dizeli, pampu ya mkono na hata nozeli, ilhali kilichokatika ni umeme wa nukta moja ndani ya kipande cha plastiki kilicho chini ya usukani. Mwongozo huu unahusu magari ya dizeli ambayo bado yanafanya kazi kwa wingi Afrika Mashariki: Toyota Hilux zenye injini zinazoitwa 2L na 3L (ni majina ya injini, si ujazo wa lita), Mitsubishi Canter, Isuzu za mizigo ya wastani, pamoja na malori makubwa ya volti 24 ya miaka ya 1980 na 1990, ambayo hayana kompyuta ya injini wala ufunguo wenye chipu. Katika magari hayo, kosa la swichi linaweza kuthibitishwa kwa multimita ya bei nafuu, balbu moja ya taa kubwa na msaidizi wa kushika ufunguo.

Swichi ilivyoundwa

Kinachoitwa swichi kwa jina moja ni vitu viwili vilivyoshikamana. Cha kwanza ni kitasa, yaani silinda ya chuma inayopokea ufunguo na kufunga usukani gari linapoegeshwa. Cha pili ni swichi ya umeme yenyewe, kikombe kidogo cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu nyuma ya kitasa, ambamo sahani ya shaba huzunguka juu ya vigusio. Kati ya viwili hivyo kuna ulimi wa chuma unaopeleka mzunguko wa ufunguo hadi kwenye sahani. Ulimi huo ukilika, au tundu lake kwenye plastiki likipanuka, ufunguo hufika mwisho wa safari yake kabla ya sahani kufika, na dereva ataapa kwamba amezungusha hadi START wakati umeme umebaki kwenye ON.

Jaribio la kutenganisha makosa ya viwili hivi ni jepesi, na inashangaza kwamba hufanywa mara chache. Fungua skrubu, toa kikombe cha umeme bila kuchomoa plagi yake, kisha kizungushe kwa bisibisi. Gari likiwaka kila mara kwa bisibisi na kukataa kwa ufunguo, kitasa ndicho kibovu na swichi mpya ya umeme haitasaidia kitu.

Katika Toyota, umeme wa betri huingia kwenye swichi kwa njia mbili zinazoitwa AM1 na AM2. Kwa kawaida ya kwanza hulisha ACC (umeme wa redio na vifaa vidogo) na IG1, ya pili hulisha IG2, na mara nyingi waya wa stata pia. IG1 na IG2 ni njia mbili za umeme wa ON. Katika malori ya Kijerumani na mengine yanayofuata DIN 72552, yaani utaratibu wa Kijerumani wa kuzipa namba nguzo za umeme, umeme wa betri ni namba 30, umeme wa ufunguo ukiwa ON ni namba 15, na waya wa stata ni namba 50. Mgawanyo huu una maana kubwa kwa mtafuta kosa, kwa sababu ikiwa nusu ya vitu inafanya kazi na nusu imekufa, fyuzi ya njia inayolisha nusu iliyokufa ndiyo ya kuangaliwa mwanzo, kabla swichi haijafunguliwa. Redio, wipa na feni ya kebini kuzimika ufunguo unapokuwa START si kosa. Magari mengi yamefanywa hivyo kwa makusudi ili nguvu yote iende kwenye stata.

Betri kwanza

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, na jozi ya volti 24 huonyesha takriban 25.2. Ikionyesha 12.0, iko karibu kuisha, na kila kipimo kitakachofuata kitadanganya. Stata inapozunguka, betri nzima ya volti 12 haipaswi kushuka chini ya 9.6 hivi. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye kibanio chake, kisha msaidizi apige stata: ikisoma nusu volti au zaidi, kibanio kina kutu au kimelegea, na huenda kazi yote ikaishia hapo. Fanya vivyo hivyo kati ya nguzo hasi ya betri na bodi ya injini, maana waya wa hasi ulioliwa na kutu kwenye chasisi huzaa dalili zilezile zinazozaliwa na swichi mbovu.

Ufunguo unazungushwa, stata iko kimya

Washa taa kubwa, zungusha ufunguo hadi START, na utazame taa badala ya kusikiliza. Zikibaki na mwanga wake wote na stata ikawa kimya kabisa, umeme wa amri haujafika kwenye stata, au umefika na stata yenyewe haikuupokea. Zikififia sana, stata inavuta umeme lakini betri, nyaya nene au stata yenyewe imeshindwa. Hapo swichi imetimiza kazi yake na iachwe. Zikizima kabisa pamoja na taa za dashibodi, kisha zikarudi ukiachia ufunguo, kuna mahali umeme mkuu unapita kwa shida, na mara nyingi ni kwenye kibanio cha betri au fyuzi kubwa iliyo karibu nayo.

Tukibaki na hali ya kwanza, ambayo ndiyo inayohusu swichi, kipimo cha uamuzi kinafanyika kwenye stata, kwenye waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, yaani sumaku ya umeme iliyo kwenye stata. Gia iwe frii, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe vigingi. Msaidizi ashike ufunguo kwenye START, nawe upime waya huo ukiwa bado umeunganishwa. Ukipata volti zinazokaribia za betri na stata haitikisiki, kosa ni la solenoidi au mikaa ya stata. Stata inayoamka ikigongwa kwa nyundo inathibitisha jambo hilohilo. Usipopata kitu, panda juu ukifuata waya: rilei ya stata (swichi inayoendeshwa na umeme) ikiwa ipo, swichi ya klachi kwa magari yaliyowekewa, viunganishi, na hatimaye swichi ya ufunguo. Katika Canter na malori mengine ambayo kebini yake huinuliwa, nyaya hupinda kila kebini inapofunguliwa, na baada ya miaka shaba hukatika ndani ya ganda bila ganda kuonyesha jeraha lolote. Hapo mahali pa bawaba panastahili kutiliwa shaka kabla ya swichi.

Hali inayowachanganya wengi ni ile ya katikati, ambapo waya wa solenoidi una umeme lakini ni hafifu, tuseme volti 7 wakati betri ina 12. Solenoidi hulia kidogo na kuacha, au hulia mfululizo bila kushika. Solenoidi ina koili mbili, moja ya kuvuta na moja ya kushikilia, na ile ya kuvuta inahitaji ampea nyingi kwa muda mfupi. Vigusio vya swichi vilivyoungua hupitisha umeme wa kutosha kuwasha taa ya majaribio lakini si wa kutosha kuvuta pistoni ya solenoidi. Ndiyo maana taa ya majaribio ikiwaka haithibitishi kwamba swichi ni nzima.

Kuna njia ya mkato inayopendwa barabarani, nayo ni kuunganisha kwa bisibisi nguzo nene ya stata na ile ya waya mwembamba. Inaeleza jambo moja tu, kwamba stata ni nzima, na inafaa kwa jambo hilo. Lakini gari lililosahauliwa kwenye gia linaweza kuondoka huku fundi akiwa chini yake, kwa hiyo yeyote anayeitumia ahakikishe gia kwa mkono wake mwenyewe, asitegemee neno la aliyeko juu.

Stata inazunguka, injini haikubali

Pampu za dizeli za Hilux hizi zina solenoidi ya kukatia mafuta: ikipata umeme hufungua njia ya dizeli, ikikosa hufunga. Umeme wake hutoka kwenye swichi, na lazima uwepo ufunguo ukiwa ON na ukiwa START. Hapa ndipo dalili mbili zinazofanana kwa mbali lakini zenye maana tofauti hujitokeza.

Ya kwanza ni injini inayokataa kuwaka stata inapozunguka, lakini inashtuka na kuwaka pale hasa unapoachia ufunguo. Inatokea kwa sababu kigusio kinachopaswa kuilisha solenoidi ya mafuta wakati wa START kimekufa, ila kile cha ON ni kizima. Unapoachia, mafuta hupata njia wakati injini bado inazunguka kwa mwendo uliobaki. Dereva aliyezoea gari lake hujifunza kuachia ufunguo kwa ustadi na huishi na kosa hilo kwa muda mrefu, huku stata na betri zikilipa gharama. Pima nguzo ya solenoidi ya pampu wakati wa START: kama volti zinapotea au kushuka sana huku betri ikibaki imara, uchunguzi umefika kwenye swichi na waya wake.

Ya pili ni kinyume chake: injini inawaka vizuri stata ikizunguka, kisha inazima mara ufunguo unaporudi ON. Hapa kigusio cha ON ndicho kibovu, au sahani ya shaba hairudi mahali pake kwa sababu springi imechoka. Rudisha ufunguo nyuma kwa kidole taratibu, kiasi kidogo tu. Ikiwa kuna pembe fulani ambapo injini haizimi, sahani imelika. Katika malori machache ya petroli yaliyobaki, dalili hii inaweza pia kusababishwa na rezista ya koili iliyokatika, ambayo hukwepwa wakati wa START na kutumika wakati wa ON, kwa hiyo rezista ipimwe kabla ya swichi.

Plagi za kupashia, zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka, hazina budi kutajwa, ingawa kwa ufupi. Dar es Salaam au Mombasa, lori lenye mgandamizo mzuri huweza kuwaka bila plagi hizo. Mbeya, Njombe au Limuru asubuhi ya baridi, plagi zisizopata umeme zitafanya stata izunguke hadi betri ichoke. Kama rilei ya plagi hailii ufunguo unapofika ON, pima kwanza umeme wa amri unaotoka kwenye swichi, ndipo uifikirie taimari ya plagi hizo.

Injini inazima njiani

Namna injini inavyozima ina habari nyingi kuliko vipimo vya gereji. Injini iliyokosa dizeli au iliyovuta hewa hukohoa, hupoteza nguvu, hujaribu tena, kisha hufa. Injini iliyokatiwa umeme hufa mara moja, mara nyingi gari likipita kwenye shimo, na huweza kuwaka papo hapo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama mshale wa joto na wa mafuta hudondoka wakati uleule, umeme wa swichi umekatika wote. Kama mishale imebaki juu, tafuta waya wa solenoidi ya pampu peke yake.

Kabla ya kwenda mbali, ni vizuri kujua lori lako huzimwaje. Malori mengi ya zamani yenye pampu ya mstari huzimwa kwa kamba ya kuvuta au kwa mota ndogo inayosogeza mkono wa pampu. Lori la kamba haliwezi kuzima njiani kwa sababu ya swichi, hata swichi ikichomolewa yote, na fundi anayetaka kubadilisha swichi ya lori la namna hiyo kwa kosa la kuzima aulizwe sababu.

Kwa magari yenye solenoidi ya mafuta, jaribio la kweli hufanyika barabarani. Unganisha balbu ndogo kwenye waya wa solenoidi, ilete ndani ya kebini mahali utingo ataiona, na mwendeshe kwenye barabara inayosababisha tatizo. Injini ikizima na balbu ikazima pamoja nayo, umeme umekatika. Ikibaki inawaka, rudi kwenye mafuta. Baadaye, gari likiwa limesimama na injini ikinguruma, tikisa ufunguo, kisha plagi ya nyuma ya swichi, kisha fungu la nyaya, kimoja baada ya kingine, ukiitazama balbu. Ufunguo uliobebeshwa funguo za ghala, za nyumbani na kufuli la tangi huvuta kitasa chini kila gari linaporuka, na kwa miaka hulegeza ulimi na sahani. Jambo hilo si dogo: mwaka 2014 General Motors iliyaita yarudishwe kurekebishwa magari madogo yapatayo milioni 2.6 yenye swichi zilizokuwa nyepesi mno kuzunguka, ambazo ziliweza kutoka ON hadi ACC gari likiwa mwendoni, na mfuko wake wa fidia ulikubali vifo 124. Ufunguo wa lori uwe peke yake.

Stata haiachii, au injini haizimi

Stata inayoendelea kulia baada ya injini kuwaka ni dharura, kwa sababu itaungua ndani ya muda mfupi na huweza kuharibu meno ya flaiwili. Ikiwa ufunguo hauruki wenyewe kurudi ON, springi ya kitasa au uchafu ndio sababu. Ikiwa unarudi lakini stata bado inalia, chomoa waya mwembamba wa solenoidi: ikiacha, umeme unaendelea kutoka juu, kwenye swichi au rilei, isipoacha, vigusio vya ndani ya solenoidi vimegandana na njia pekee ni kufungua kibanio cha betri haraka.

Injini isiyozima ufunguo unapotolewa hupimwa kwa njia hiyohiyo. Chomoa waya kwenye solenoidi ya pampu. Injini ikizima, kuna umeme unaorudi kutoka mahali fulani, huenda ni swichi iliyogandana, au waya wa kiraka uliowekwa zamani na kusahauliwa. Isipozima, solenoidi yenyewe imenasa ikiwa wazi.

Kupima swichi ikiwa na mzigo

Kupima swichi kwa kipimo cha omu, ikiwa imelala mezani, kunatoa majibu ya kufariji yasiyo na thamani. Kigusio kilichobaki na ncha moja safi kitaonyesha omu sifuri kwa sababu multimita hupitisha umeme mdogo sana, lakini kitashindwa ampea kumi zikipita. Swichi ipimwe ikifanya kazi.

Tenganisha waya mwembamba wa stata ili injini isizunguke, na mahali pake uunge balbu ya taa kubwa ya H4, filamenti zote mbili kwa pamoja, upande wa pili ukirudi kwenye hasi. Balbu ya volti 12 ya wati 60 na 55 huvuta kwa pamoja karibu ampea kumi, mzigo unaokaribia wa solenoidi inayoshikilia. Msaidizi ashike START. Sasa weka ncha moja ya multimita kwenye waya unaoingia kwenye swichi na nyingine kwenye waya unaotoka kwenda stata. Kinachoonekana ni volti zinazopotea ndani ya swichi peke yake. Mafundi wengi hukubali hadi 0.3, nusu volti inatia shaka, na volti moja haihitaji mjadala. Kama upotevu ni mdogo lakini balbu inafifia, pima kutoka nguzo chanya ya betri hadi waya unaoingia, na utakuta fyuzi kubwa au kiunganishi ndicho kinachokula umeme.

Rudia kwa vigusio vya ON, kisha uache balbu ikiwaka kwa dakika kadhaa na uguse plagi. Plagi yenye joto, au iliyogeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini moja, inaeleza mahali kosa lilipo bila multimita. Swichi nyingi zinazotupwa ni nzima na pini yao ndiyo iliyolegea. Swichi mpya ikichomekwa kwenye plagi hiyohiyo iliyoyeyuka, itaungua kama ya kwanza.

Kusafisha, kubadilisha, au kuipunguzia kazi

Kikombe cha swichi kinachofunguka huweza kusafishwa kwa dawa ya kusafishia vigusio na msasa laini sana, kikapakwa grisi kidogo na kufungwa. Ikiwa shaba imechimbika au plastiki imeungua, usafishaji ni wa kukufikisha nyumbani tu. Kitasa kigumu kiwekewe unga wa grafiti. Oili ya injini hukilainisha kwa wiki chache, kisha hushika vumbi na kuwa tope.

Swichi za mtumba zilizotolewa kwenye magari ya Japani, zinazopatikana Gerezani jijini Dar es Salaam na kwenye maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei ya chini, lakini zipimwe kwa balbu kabla ya kulipiwa. Nunua kikombe cha umeme peke yake ikiwezekana, ili ufunguo wa zamani uendelee kufungua milango. Kabla ya kubadilisha, ondoa kibanio cha hasi cha betri.

Tiba ninayoipendelea kwa lori linalowashwa mara nyingi kwa siku ni kuiondolea swichi mzigo wa solenoidi. Chukua rilei yenye volti za gari lako. Pini ya 30 ipate umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 30 iliyowekwa karibu na betri, 87 iende kwenye solenoidi ya stata kwa waya wa milimita za mraba 4, 86 ipokee waya wa START uliotoka kwenye swichi, na 85 ifungwe kwenye chasisi. Baada ya hapo swichi hupitisha umeme mdogo wa koili ya rilei tu. Kitufe cha kupigia stata kinachotobolewa kwenye dashibodi si badala ya rilei. Mara nyingi huungwa bila fyuzi, hubonyezwa kwa bahati mbaya injini ikiwa inanguruma, na humruhusu mtu yeyote kupiga stata hiyo lori likiwa limeegeshwa. Kikilazimika kuwekwa njiani, kitolewe lori likifika.

Kazi ikiisha, rudisha waya wa stata mahali pake, washa na uzime mara kadhaa injini ikiwa baridi na tena ikiwa moto, ukihakikisha kila mara kwamba ufunguo unaruka wenyewe kurudi ON, kwamba taa ya chaji inazima, na kwamba altaneta inatoa volti kati ya 13.8 na 14.4, au 27.6 na 28.8 kwa lori la volti 24. Taa ya chaji iliyoanza tatizo baada ya swichi kubadilishwa maana yake kuna waya mmoja ulioingizwa kwenye pini isiyo yake.